Maumivu ya Mama Hayaonekani, Lakini Yapo: Kapolowe Isingoje Pisini

KAPOLOWE. Bidoni moja ya manjano inaingiza lita 20 za maji, na lita 20 ni kilo 20. Mama anayeteka maji mara tatu kwa siku amebeba kilo 60 kichwani, hapo bado hajashika jembe, hajasonga bukari, hajafua nguo za watoto. Hakuna anayeshangaa. Ndiyo kazi ya mama, watu husema.

Halafu inafika asubuhi moja mama huyo anaamka na mwili wote unauma. Si goti peke yake, wala mgongo peke yake. Ni shingo, mabega, mikono, kiuno na mapaja kwa pamoja. Amelala usiku mzima, lakini ameamka kama mtu aliyelima mpaka alfajiri. Anakwenda kituo cha afya. Anapimwa malaria, haipo. Anapewa dawa ya tifoidi, anaimaliza, maumivu yanabaki. Bwana yake anaazima pesa, anampeleka Likasi kupigwa picha. Picha ni safi. Mama anarudi nyumbani na karatasi inayosema mifupa yake ni mizima.

Hapo mateso ya pili huanza. Jirani anasema ni uvivu. Mama mkwe anasema mtoto wake ameoa mgonjwa. Kwenye chumba cha maombi wanasema ni roho mchafu, au kuna mtu katika ukoo anayemla. Bwana naye anaanza kuhesabu pesa zilizokwenda bure. Na mama mwenyewe, baada ya kuambiwa mara nyingi kwamba hana kitu, anaanza kujiuliza kama kichwa chake ni kizima.

Wamama wa namna hii wapo katika kila mtaa, na waganga wa kisasa wanaujua ugonjwa ambao mara nyingi ndio unaowatesa. Unaitwa fibromialjia. Dawa ya kuuondoa kabisa haipo, lakini iko njia ya kupunguza maumivu yake, na kati ya njia zinazosifiwa sana katika nchi za mbali ni mazoezi ya viungo ndani ya maji ya uvuguvugu. Swali kwa Kapolowe ni hili: mji ulio kando ya ziwa kubwa hivi, lakini usio na pisini ya hospitali, ufanye nini na habari hiyo?

Jibu la makala hii ni kwamba Kapolowe isimpeleke mama ziwani, na isikae kungoja pisini. Kile ambacho maji humpa mgonjwa wa fibromialjia, sehemu kubwa yake inaweza kupatikana katika lupango, kwa kiti, kwa beseni na kwa wenzake watano. Kinachokosekana ni watu kumwamini.

UGONJWA USIOONEKANA KWENYE PICHA

Neno fibromialjia lilianza kutumiwa na waganga mwaka 1976, lakini malalamiko yenyewe ni ya zamani sana. Mwaka 1990 chama cha waganga wa viungo cha Marekani kiliweka kipimo cha kwanza kilichokubaliwa na wengi: mganga alibonyeza sehemu 18 za mwili, na mgonjwa aliyeumia katika sehemu 11 au zaidi, akiwa na maumivu pande zote za mwili, alihesabiwa kuwa nao. Mwaka 2010 chama hicho kilileta kipimo kingine. Sasa mganga anauliza maumivu yako wapi kati ya sehemu 19 za mwili, usingizi ukoje, uchovu ukoje, kichwa kinashika mambo au kinasahau, na hali hiyo imedumu angalau miezi 3 au la.

Wasomaji walitazame vizuri jambo hilo. Hakuna mashine ndani yake. Damu haionyeshi fibromialjia, na picha haiionyeshi. Kinachoionyesha ni maswali na mtu aliyetulia kusikiliza majibu. Maana yake ni kwamba muuguzi wa kituo cha afya, akifundishwa, anaweza kuishuku bila kumtuma mgonjwa kuuza mbuzi ili alipe picha.

Duniani inakadiriwa kwamba watu 2 hadi 4 katika kila 100 wana ugonjwa huu, na walio wengi ni wanawake. Mifupa yao haijavunjika wala nyama za mwili hazijaoza. Kilichoharibika ni namna mishipa ya fahamu na ubongo vinavyopokea habari za maumivu. Ni kama redio iliyopandishwa sauti mpaka mwisho: mtangazaji anasema maneno yaleyale, lakini masikio yanauma. Mguso mdogo unakuwa pigo. Baridi ya mwezi wa sita na wa saba, ambayo wengine wanaivumilia kwa koti, kwake inakuwa adhabu.

Kwa hiyo mtu anayemwambia mama huyo "huna kitu" anakosea. Na anayemwambia "utakufa nao" anakosea vilevile, kwa sababu fibromialjia haiui na haipindi viungo. Inaiba usingizi, nguvu na heshima ya mtu katika nyumba yake.

MAJI HUFANYA NINI

Wazo la kutafuta nafuu ndani ya maji si la wageni peke yao. Katika Uganda, kwenye chemchemi za maji ya moto za Kitagata, watu wenye maumivu ya viungo wamekuwa wakienda kukaa majini kwa miaka mingi, na chemchemi moja wameipa jina la Mulago, hospitali kubwa ya Kampala. Katanga nayo ina maji yanayotoka chini yakiwa ya moto. Yale ya Kiabukwa, upande wa Upemba, yalitumiwa kutoa umeme tangu mwaka 1952.

Lakini kukaa majini ni jambo moja, na kufanya mazoezi majini ni jingine. Katika hospitali zenye pisini ya tiba, mgonjwa huingia maji ya uvuguvugu, mara nyingi nyuzi 30 hadi 34, yanayomfika kiunoni au kifuani. Maji yakifika kiunoni, karibu nusu ya uzito wake unabebwa nayo. Miguu inapumzika, goti linakunjika bila kulia. Joto linalegeza nyama zilizokaza. Tena maji yanasukuma kidogo kila anapotembea, na kwa namna hiyo yanamtia nguvu polepole. Mtaalamu wa tiba ya viungo, yule ambaye wengi hapa humwita kine, anamwongoza: kutembea mbele na nyuma, kuinua mikono, kuzungusha mabega, kuvuta pumzi.

Mwaka 2014 wataalamu walikusanya pamoja tafiti 16 za mazoezi ya majini kwa wagonjwa wa fibromialjia. Zilikuwa na watu 881, na kati yao wanawake walikuwa 866. Waliona kwamba mazoezi hayo yanasaidia: maumivu yanapungua kiasi, mwili unapata nguvu, maisha yanakuwa mepesi kidogo. Lakini waliona na jambo la pili, na hilo ndilo linaloihusu Kapolowe. Walipolinganisha waliofanya mazoezi majini na waliofanya mazoezi nchi kavu, hawakuona tofauti kubwa. Kwa nguvu za misuli, wale wa nchi kavu walipata hata zaidi. Wataalamu wenyewe walikiri kwamba ushahidi wa kulinganisha bado ni dhaifu, lakini hakuna kitu ndani yake kinachosema mama asiye na pisini amekosa tiba.

Mwaka 2006 watafiti wa Hispania walitoa matokeo ya wanawake 34. Wale waliopangiwa mazoezi waliingia maji ya nyuzi 33 mara tatu kwa juma, kwa majuma 12. Maumivu yalipungua. Kisha mazoezi yakasimamishwa kwa majuma mengine 12, na maumivu yakarudi.

Hapo ndipo kila mradi unaopangwa kwa ajili ya wamama hawa ungeanzia. Mazoezi si sindano ambayo mtu anapigwa mara moja. Ni kama chakula: ukila leo, kesho utahitaji tena. Ikiwa shirika litakuja na pisini ya plastiki, likapiga picha, likaondoka baada ya miezi mitatu, wamama watabaki na maumivu yaleyale na kumbukumbu ya siku zilizokuwa nzuri. Tiba ambayo mgonjwa hawezi kuiendeleza mwenyewe ni tiba ya kuazima, na kitu cha kuazima hurudishwa kwa mwenyewe.

ZIWA SI PISINI

Mtu anaweza kusema: maji tunayo, tena mengi. Ziwa Tshangalele liko pale, tangu Lufira ilipozuiwa na bwawa la Mwadingusha karibu miaka mia iliyopita. Kwa nini wamama wasishuke pwani asubuhi wakatembea majini bure?

Sababu ziko nne, na hakuna hata moja ya kuchezea. Ya kwanza ni bilharzia. Maji yaliyotulia, yenye majani na konokono, ndiyo makao ya mdudu wake, na anaingia kwa kupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini. Mazoezi ya nusu saa mara tatu kwa juma katika maji hayo ni kumkaribisha. Ya pili ni mamba, na wavuvi hawahitaji kuelezwa. Ya tatu ni taka za viwanda. Mito inayopita Likasi, mahali ambapo shaba na kobalti vimechenjuliwa kwa vizazi, inamwaga maji yake katika ziwa hili, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamekuta madini hayo katika tope na katika samaki. Ya nne ni baridi. Mwili wenye fibromialjia unataka joto, na maji baridi ya asubuhi yanaweza kuukaza zaidi.

Chemchemi za moto nazo si za kukimbilia ovyo. Maji yanapotokea ardhini yanaweza kuunguza, na safari yenyewe juu ya pikipiki katika barabara zetu inaweza kummaliza mgonjwa kabla hajafika.

Kwa hiyo yeyote anayewaambia wamama waingie ziwani kwa jina la tiba, awe mganga wa kienyeji, mhubiri au mtu aliyesoma kitu kwenye simu, anawatia katika hatari. Ni afadhali kusema hivyo wazi.

LUPANGO LINATOSHA KUANZA

Ikiwa faida kubwa inatoka katika mwendo, na joto ni la kusaidia mwendo, basi vyote viwili vinaweza kupatikana nyumbani.

Joto kwanza. Bidoni iliyojazwa maji na kuachwa kwenye jua tangu asubuhi, mchana maji yake yana uvuguvugu bila kutumia hata kipande kimoja cha makala. Maji hayo yakitiwa katika beseni, mama anaweza kuweka miguu, kukanda mabega kwa kitambaa, au kuoga kabla ya kujinyoosha. Jioni kuoga maji ya uvuguvugu kunasaidia usingizi, na usingizi ndio unaoibiwa zaidi na ugonjwa huu.

Kisha mwendo. Kanuni ni kuanza chini kabisa ya uwezo, halafu kupanda polepole. Juma la kwanza, kutembea dakika tano mahali pa tambarare, asubuhi, bila mzigo kichwani. Akiwa ameketi kwenye kiti, kuinua mikono mara tano na kuzungusha mabega mara tano. Kusimama kutoka kwenye kiti na kuketi tena mara tano. Basi, imetosha. Juma la pili anaongeza dakika mbili. Juma la tatu mbili nyingine. Akiweza kuzungumza huku akitembea, mwendo ni mzuri. Akishindwa kuzungumza, amezidisha.

Katika majuma ya kwanza maumivu yanaweza kuongezeka kidogo, na wengi huacha hapo wakidhani wameumizwa. Maumivu yakiendelea mpaka kesho yake, apunguze nusu, lakini asiache. Faida haionekani katika siku tatu. Inahesabiwa kwa miezi.

Na asifanye peke yake. Kikundi cha wamama watano au sita wanaokutana siku mbili au tatu kwa juma kina nguvu ambayo karatasi ya mganga haina. Tayari wamama wanakutana kwa likelemba, kwa kwaya, kwa vikundi vya kanisa. Robo saa ya kujinyoosha kabla ya kuhesabu pesa za likelemba haimgharimu mtu hata franka moja. Mama ambaye leo hawezi kuamka, wenzake watamfuata nyumbani, na huko tu ni dawa kwa mtu aliyeitwa mvivu mwaka mzima.

Kuhusu vidonge, lazima ukweli usemwe. Wamama wengi wanaishi kwa kununua diklofenaki, indosidi au ibuprofeni, vidonge viwili leo, vitatu kesho. Dawa hizo zinafaa pale panapowaka na kuvimba. Katika fibromialjia hapawaki kitu, na kwa sababu hiyo hazisaidii sana, lakini tumbo zinalichoma na figo zinazichosha. Tramadoli nayo inaweza kumfunga mtu asiweze kuiacha. Zipo dawa ambazo daktari anaweza kuandika kwa kiasi kidogo, hasa ya kusaidia usingizi na kupunguza maumivu usiku, lakini ni za kuandikwa na daktari, wala si za kuuziwa sokoni juu ya meza. Mwaka 2016 wataalamu wa Ulaya walipopima tiba zote za ugonjwa huu, kitu kimoja tu walikipendekeza kwa nguvu zote: mazoezi. Ya majini waliyataja pia kuwa yanafaa, lakini kwa sauti ya chini zaidi.

Kuna dalili ambazo hazitaki mazoezi, zinataka kituo cha afya upesi: homa, kukonda bila sababu, jasho la usiku, kikohozi kisichoisha, kiungo kilichovimba na chenye joto, mkono au mguu uliopoteza nguvu. Upungufu wa damu, ugonjwa wa tezi ya shingo, virusi vya ukimwi, baridi yabisi inayovimbisha vidole: hayo yote yanaweza kuanza kwa uchovu na maumivu. Fibromialjia isiwe jina la kumfukuzia mgonjwa ambaye hajachunguzwa.

"LAKINI WANAFANYA KAZI KUTWA"

Kuna pingamizi moja lenye uzito, na wamama wenyewe ndio wanaolitoa. Mazoezi gani tena kwa mtu anayelima, anayetwanga na kubeba maji tangu alfajiri? Si huo ndio mwendo?

Hapana, na tofauti ni kubwa. Kazi haimuulizi mtu leo ameamkaje. Shamba linataka mistari ileile, bidoni ina kilo zilezile, watoto wanataka kula saa ileile. Mama akiwa na nafuu anafanya kazi ya siku mbili kwa siku moja ili alipe deni la siku alizolala, na kesho yake anaanguka tena. Hivyo ndivyo ugonjwa unavyozunguka: siku moja ya nguvu, siku tatu za kitanda. Mazoezi ni mwendo unaomfuata mtu, unaoanza kidogo na kusimama kabla ya kuumiza.

Lakini pingamizi hilo lina ukweli ambao wanaume wa Kapolowe lazima wausikie. Haiwezekani kumwambia mama afanye mazoezi ya dakika kumi halafu kumwachia bidoni tatu zilezile. Tiba ya kwanza ya nyumba yenye mgonjwa huyu ni kugawa mzigo. Kijana wa miaka kumi na mitano ana mabega. Baba ana baiskeli. Bidoni inaweza kujazwa nusu. Mahali ambapo majirani wanaweza kuchanga kwa ajili ya kigari cha magurudumu mawili cha kusukuma maji, kigari hicho kitawafaa wamama wengi kuliko katoni nyingi za vidonge. Mwanaume anayeogopa kuchekwa akibeba maji ajiulize ni kipi cha aibu zaidi: kubeba bidoni, au kumtazama mama wa watoto wake akilia njiani.

KWA FAMILIA ZILIZOHAMA

Jambo hili linawagusa zaidi wale waliofika wakikimbia. Katika mkoa huu kuna waliotoka zamani upande wa Mitwaba na Pweto, katika lile eneo lililoitwa pembetatu ya kifo, na kuna waliotoka mbali zaidi, katika vita vya mashariki. Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba watu waliopitia ukatili, hofu ya muda mrefu na usiku wa kukimbia hupatwa na maumivu ya mwili mzima zaidi ya wengine. Mwili unaendelea kusikiliza hatari hata pale risasi zimenyamaza.

Mama aliyehama ana sababu nyingi za kunyamaza. Kuna mambo aliyofanyiwa ambayo bwana yake hajui. Akiulizwa anaumwa wapi, anasema "mgongo," kwa sababu mgongo hauleti aibu. Anakaa katika nyumba ya kupanga au kwa ndugu, na anaogopa kuonekana mzigo. Anayelala chini juu ya mkeka na baridi ya mwezi wa saba anaamka amekauka kama ubao, lakini anaamka wa kwanza ili mwenye nyumba asiseme.

Kwa mama huyo, kikundi cha kujinyoosha kina faida mbili. Kinampa mwendo, na kinampa watu. Hakuna anayelazimika kusimulia kitu ili ainue mikono pamoja na wengine. Habari ya moyo ikitoka, itoke kwa saa yake, kwa mtu aliyefundishwa kuisikiliza. Wenyeji wanaopokea wageni wangefanya vizuri kuwaita katika vikundi vyao kabla hawajaomba, kwa sababu wengi hawataomba.

KINACHOWEZA KUDAIWA

Hakuna haja ya kuota jengo kubwa. Yako mambo matatu ambayo eneo la afya la Kapolowe na wakaaji wake wanaweza kuyadai kwa haki.

La kwanza ni mafunzo. Wauguzi wa vituo na wale wa kujitolea wanaopita nyumba kwa nyumba wafundishwe maswali ya ugonjwa huu, dalili za hatari, na mazoezi ya mwanzo. Mafunzo ya siku mbili ni bei ndogo ukilinganisha na pesa ambazo familia hutupa katika picha zisizoonyesha kitu.

La pili ni mtaalamu wa tiba ya viungo anayefika Kapolowe kwa siku zinazojulikana, hata kama ni mara moja kwa mwezi, ili aangalie vikundi na kurekebisha makosa. Mtaalamu mmoja mwenye ratiba ni bora kuliko pisini isiyo na mtu wa kuisafisha.

La tatu linahusu madini. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka kampuni kutenga angalau asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo yao kwa ajili ya maendeleo ya jamii zinazoguswa na kazi yao. Mara nyingi jamii zinapoulizwa zinataka nini, wanaojibu ni wanaume, na majibu ni barabara, shule na uwanja wa mpira. Hayo ni mema. Lakini wamama wakiketi katika mikutano hiyo wanaweza kuomba bomba la maji karibu na nyumba, na hilo peke yake litaondoa maelfu ya kilo vichwani mwao. Siku moja, baada ya bomba na baada ya mtaalamu, wanaweza kuomba pia birika dogo la maji ya uvuguvugu kando ya hospitali. Kwa mpangilio huo, pisini itakapokuja itakuta watu wanaojua kuitumia na kuitunza.

Maji ndiyo yanayomuumiza mama wa Kapolowe kila siku, kwa sababu anayabeba. Mahali pengine duniani wanawake wenye ugonjwa kama wake wanapata nafuu kwa sababu maji yanawabeba wao. Kati ya hali hizo mbili kuna njia, na inaanza karibu: bidoni nusu, beseni juani, dakika tano za kutembea, wenzake watano, na bwana anayesema, "Nakuamini, leo nitateka mimi."

Neno hilo la mwisho halihitaji mradi wala sheria. Mama ambaye leo asubuhi ameamka mwili wote unauma amengoja kulisikia kwa muda mrefu kuliko alivyongoja dawa.